WALIMCHEKA ALIPOKWENDA INDIA KUSOMEA MASTA YA SANAA, NA MIMI NILIKUWEMO

Leo sina udaku. Hakuna aliyeachwa, hakuna aliyefulia, hakuna aliyepiga picha kwenye gari la watu akasema ni lake. Leo naomba mnivumilie nimuongelee mtu ambaye hamumjui. Hana tiki ya bluu, wafuasi wake hawafiki mia tano na nusu yao ni ndugu zake. Nilimuomba ruhusa ya kumuandika, akasema andika ila jina langu liache. Basi nitamuita Dada, maana ndivyo ninavyomuita toka tukiwa wadogo. Ananizidi mwaka mmoja na kitu.

Dada yupo India, na hajaenda kutibiwa. Anamalizia masta ya historia ya sanaa.

Hapo najua kuna mtu kashacheka. Usijali, hata mimi nilicheka, tena kwa sauti kuliko wote, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Tuanzie nyumbani. Marehemu mzee wangu alikuwa mchoraji wa Tingatinga. Zile picha za twiga, chui na ndege wenye madoa madoa unazozikuta kwenye maduka ya watalii ukapita bila kugeuka, ndizo zilizonilea. Kwa asiyejua, hilo ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini, pande za Tunduru, akaja Dar kutafuta maisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi, zile mbao nyembamba za kupigia silingi, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Ndivyo vitu alivyoweza kuvinunua. Picha zikawa zinauzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores. Alifariki 1972, yaani kazi yenyewe aliifanya miaka michache tu, lakini ndugu na wanafunzi wake wakaiendeleza mpaka leo.

Mzee wangu alifundishwa na mtu aliyefundishwa na mmoja wa hao. Alikuwa anachorea uwani kwetu, chini ya mwarobaini, na Dada alikuwa binti wa nyumba ya jirani. Akitoka shule tu yupo kwetu. Mimi nilikuwa naosha brashi kwa mafuta ya taa kwa kulazimishwa, yeye alikuwa anaziosha kwa sababu anapenda. Mzee akawa anampa vipande vya hadibodi vilivyobaki ajaribu mkono. Alipofika darasa la saba, ukimuona kiboko aliyemchora unaweza kuapa ni kazi ya mtu mzima.

Mwaka niliokuwa kidato cha nne, mzee akafariki mwezi wa tano. Mtihani wa Novemba niliufanya kama mtu aliye usingizini. Nikapata divisheni ya nne, tena ya mwisho mwisho. Sikurudia. Nikauza vocha, nikauza viatu vya mtumba, usiku naandika andika kwenye simu ya bi mkubwa, ndivyo nilivyofika hapa mnaponisoma. Dada yeye akamaliza kidato cha sita, akaenda Mlimani kusomea sanaa, akafundisha shule ya binafsi mwaka mmoja. Halafu jioni moja akaja uwani kwetu na karatasi mkononi, anatetemeka kwa furaha. Amepata nafasi ya masta India.

Mtaa ukaipokea kama kichekesho. "Masta? Ya kuchora?" Shangazi yake akasema India watu wanakwenda kutibiwa moyo, wewe unakwenda kuchora tembo, kwani Mikumi wameisha? Watu hoi. Mjomba mmoja akasema bora hiyo nafasi angepewa mtu wa uuguzi. Na mimi ndiyo nikatia chumvi ya mwisho: "Mwacheni, kaenda kusomea rangi ya baiskeli." Hiyo ikazunguka mtaa mzima. Hadi leo kuna watu wanaitumia. Dada alitabasamu kidogo, akaikunja karatasi yake akaondoka.

Niseme ukweli ambao sikuwahi kumwambia mtu. Sikuwa nacheka kwa sababu masta ya sanaa ni upuuzi. Nilikuwa naumia. Kitu alichokuwa anakwenda kusomea kilikuwa cha baba yangu. Yeye alijifunzia kwenye brashi zetu, kwenye kivuli chetu, halafu anapanda ndege yeye, mimi nimebaki na vocha. Nilijiambia kaniibia urithi. Ukiwa na wivu, akili inakutungia kesi nzuri sana, na wewe ndiye hakimu.

Alipataje? Maana najua mtauliza. Serikali ya India inatoa ufadhili kwa wanafunzi wa nchi za nje, Tanzania ikiwemo, kupitia baraza lao la mahusiano ya kitamaduni, ICCR. Maombi yanafanyika mtandaoni. Alituma vyeti vyake vya Mlimani, picha za kazi zake, insha ya Kiingereza na barua za walimu. Aliniambia insha ndiyo iliyompa kazi, aliiandika mara saba. Mimi siku hizo nilikuwa namuona anashinda kwenye ngazi ya nyumba yao na kompyuta ya kuazima, nikadhani anachati.

Akapanda ndege hadi Mumbai, kutoka hapo akaenda Kolkata, halafu treni kutoka stesheni ya Howrah, karibu saa tatu, hadi mji mdogo unaitwa Bolpur. Pembeni yake ndipo Santiniketan. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilijua ni dawa ya kikohozi. Kumbe ni sehemu yenye heshima zake. Mshairi Rabindranath Tagore, Muasia wa kwanza kupata tuzo ya Nobel, mwaka 1913, alianzisha shule pale 1901, watoto wanasoma chini ya miti. Baadaye ikazaa chuo kikuu, Visva-Bharati. Idara ya sanaa ilianza 1919 na inaitwa Kala Bhavana, maana yake nyumba ya sanaa. Jina lile lile la Nyumba ya Sanaa iliyokuwa hapa Dar. Mwaka 2023 UNESCO wakaiingiza Santiniketan kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Miezi ya mwanzo Dada alikuwa ananitumia voisi ndefu, mimi namjibu kwa kidole gumba tu. Lakini nilikuwa nazisikiliza zote, tena usiku. Alisema kila mtu anatembea na baiskeli, na yeye ilibidi ajifunze upya ukubwani, akaanguka mbele ya profesa. Alisema mafuta yao ya haradali yanampanda puani, ila samaki na wali anakula kama yuko kwao. Aprili joto linapita nyuzi 40, hata mtoto wa Dar akaomba maji. Watu wanamkodolea macho sokoni, wengine wanaomba kushika nywele. Siku nyingine alikuwa analia tu kwenye simu bila kusema analilia nini.

Kilichomuokoa ni lugha. Alikwenda akijua Kibengali ni kigeni kabisa, akakuta mwenye duka anaita duka lake dokan, gari ni gari, chai ni cha, na mtu akikusalimia anakuuliza "ki khobor", yaani habari gani. Siku ya kwanza darasani akasikia mwalimu anasema rong, rong. Ni rangi. Neno letu lenyewe. Alinitumia voisi ya sekunde tano tu siku hiyo: "Mdogo wangu, huku nako rangi ni rangi."

Sikumjibu.

Masomo yenyewe siyo yale tuliyodhani. Masta ya historia ya sanaa hukai unachora tembo. Unakaa mbele ya picha moja saa nzima, halafu unaandika kurasa tatu: imetengenezwa na nini, nani alilipia, nani alifundisha mkono huo, mbona kichwa kimekaa huku na siyo kule. Unasoma vitabu mpaka macho yanawaka. Ni miaka miwili, na mwishoni unatakiwa uwe na utafiti wako mwenyewe.

Pale chuoni kuna sanamu kubwa iko nje toka 1938. Baba, mama, watoto, mbwa, wamebeba kila walichonacho, wanahama. Iliyoitengeneza ni mikono ya Ramkinkar Baij, aliyetoka familia maskini, na aliitengeneza kwa saruji na kokoto nyekundu za pale pale chini. Wakati huo sanamu ya heshima ilitakiwa iwe ya shaba au marumaru. Leo inahesabiwa kati ya sanamu muhimu kabisa za India ya sasa. Dada aliposimuliwa hayo akakumbuka hadibodi na rangi ya baiskeli. Hapo ndipo alipojua utafiti wake utakuwa wa nini.

Mwaka jana mwezi wa kwanza akanipigia. Anataka kuandika kuhusu wachoraji wa Tingatinga wa kizazi cha kati, wale ambao hawako kwenye vitabu. Anataka kuandika kuhusu mzee. Akaniuliza maswali: alikuwa anaanza na rangi gani, anaanika muda gani, alimfundisha nani, picha alikuwa anamuuzia nani kwa bei gani.

Wadau, nilichomjibu sikipendi hata kukiandika. Nilimwambia: "Ulipanda ndege kwa brashi za baba yangu, sasa unataka na kaburi lake?" Nikakata simu. Nikamblock.

Wiki tatu zikapita. Akapitia kwa bi mkubwa. Hakuomba kitu, alituma picha tu pamoja na voisi, akasema "Mama, muonyeshe mdogo wangu, hizi atazipenda yeye."

Zilikuwa picha za Kalighat. Ngoja niwaeleze maana kweli nilizipenda. Karne ya 19 kulikuwa na wachoraji waliotoka vijijini wakahamia Kolkata, wakakaa karibu na hekalu la Kali. Mahujaji wakija, wanauziwa picha kwa bei ya chini, karatasi ya kiwandani, brashi inapita haraka haraka, nyingine. Yaani picha za watalii wa enzi hizo. Mwanzo ni miungu, baadaye wakaanza kuchora mjini kunaendaje: mabwana wa mjini wenye nywele za kupaka mafuta wanaodhalilishwa na wapenzi wao, wake wanaowapiga waume na ufagio. Mwaka 1873 kukatokea skendo, kiongozi wa hekalu moja na mke wa mtu, mume akamuua mkewe, nchi nzima ikasimama. Wachoraji wa Kalighat wakaichora skendo nzima, tukio baada ya tukio, watu wakanunua kama njugu.

Dada anasema kwenye voisi: "Mwambie hao ndio walikuwa yeye wa enzi hizo." Na wasomi wa wakati ule wengi waliwadharau, wakaziona ni vipicha vya sokoni. Leo mkusanyiko mkubwa kuliko wote uko London, kwenye makumbusho ya V&A, na watu wanasomea udaktari kupitia hivyo vipicha. Lakini, akasema, majina ya wachoraji wengi hayajulikani. Hakuna aliyewauliza wakiwa hai, na hakuna aliyewauliza watoto wao.

Hiyo sentensi ya mwisho ilinikaa. Mimi ndiye mtoto.

Bi mkubwa alikuwa pembeni anachambua mchele, voisi anaisikia yote. Ilikuwa na swali moja mwishoni, la kwake. Dada alisema ameangalia picha kumi na moja za mzee, alizowahi kuzipiga kwa simu na nyingine kwenye ukuta wa hoteli, na anaona mikono miwili. Mwili wa mnyama ni mkono mmoja. Madoa ni mkono mwingine, yanakwenda matatu matatu na yamelalia kushoto. Kwenye karakana za Kalighat familia ilikuwa inagawana kazi, mmoja anachora mstari, wengine wanajaza rangi. "Mama," akauliza, "madoa alikuwa anaweka nani?"

Bi mkubwa akaendelea kuchambua mchele. Nikadhani hajasikia. Halafu akasema, "Mimi."

Nilikaa chini, wadau. Miaka yote hiyo. Mkono wa mzee ulianza kutetemeka mimi nikiwa chekechea, basi usiku sisi tukilala, bi mkubwa anawasha taa ya kandili anaweka madoa. Yeye hutumia mkono wa kushoto. Ada zangu za shule zilitoka kwenye hayo madoa. Nikamuuliza mbona hukuwahi kusema? Akaniambia, "Mteja ananunua picha ya fundi. Nani atanunua ya mama wa nyumbani?"

Mimi nimeishi ndani ya nyumba ile miaka yote, sijaona. Mtu aliyeko Bengal, mbali huko, kaona kwa picha za simu. Ndiyo siku niliyoelewa masta ya sanaa inafundisha nini.

Nikamfungulia. Nikampigia. Yeye ametutangulia saa mbili na nusu, kwa hiyo kwake ilikuwa karibu usiku wa manane, na akapokea mlio wa kwanza. Sikujua pa kuanzia, nikasema tu "Dada, uliza." Tukafungua sanduku la mzee mimi na bi mkubwa, tukakuta makopo yaliyogandia rangi, daftari la hesabu lenye majina ya wateja na bei, na ubao mmoja ambao haujamalizika: ndege wawili wameshachorwa, hawana madoa. Nikamrekodi bi mkubwa siku nne. Nikapiga picha kila ukurasa wa daftari. Kazi yangu ya kila siku ni kuchimba habari za watu, na hiyo ndiyo habari ya kwanza niliyochimba ya kwetu.

Desemba iliyofuata pale chuoni walikuwa na Nandan Mela, maonyesho ya kila mwaka ya tarehe 1 na 2, wanafunzi na walimu wanauza kazi zao na pesa inakwenda kwenye mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wenye shida. Dada akachora ndege za kwetu kwenye vipande vya mbao, madoa matatu matatu yanalalia kushoto. Ziliisha siku ya kwanza.

Mwezi uliopita ameshakabidhi utafiti wake. Alitutumia kurasa. Chini ya picha za mzee ameandika majina mawili, la mzee na la bi mkubwa. Bi mkubwa alivaa miwani, akalifuata jina lake kwa kidole herufi kwa herufi, akasema, "Wameliandika sawasawa. Wengi huwa wanalikosea." Akarudi jikoni. Hakusema kingine. Baadaye nilimsikia anaimba.

Sasa kwa wale mnaotaka njia hiyo, nisiwadanganye kwamba ni asali tupu. Dada hana kazi inayomsubiri. Anafikiria kufundisha, makumbusho, au kuendelea na udaktari, na shangazi bado anauliza "halafu?" Alichoniambia niwaambie ni hiki. Moja, usiende kwa sababu ya kupanda ndege, nenda ukiwa na swali unalotaka kulijibu, hata la mtaani kwenu. Mbili, siyo India tu: serikali za China, Japani na Korea Kusini nazo zina ufadhili wa masta, ila uliza kwanza kozi inafundishwa kwa lugha gani, unaweza kujikuta unaanza na mwaka mzima wa kusoma lugha. Tatu, kabla hujajaza fomu angalia kama TCU wanakitambua hicho chuo, usije ukarudi na cheti cha kufungia maandazi. Nne, tunza karatasi zako na piga picha kazi zako zote, hata zile unazoziona mbaya.

La tano naongeza mimi niliyeishia kidato cha nne. Kama hukusoma, usidhani hakuna unachokijua. Msomi wetu alivuka bahari, akasoma miaka miwili, halafu ikambidi apige simu uwani kwetu. Vilihitajika vyote viwili, macho yake na sanduku letu. Ningeendelea kununa, picha zingebaki na jina moja milele.

Dada, najua unasoma hapa kimya kimya. Samahani kwa ile ya rangi ya baiskeli. Ule ubao wa ndege wawili haujaguswa. Bi mkubwa anasema madoa ataweka ukirudi, ukae pembeni uangalie vizuri, safari hii siyo kwa simu.

Na nyie wadau, kuna kitu gani kwenu nyumbani kimetengenezwa kwa mkono na hamjawahi kuuliza ni mkono wa nani? Ulizeni wenyewe wakiwa hai, halafu mje mniambie hapo chini. Ijumaa udaku unarudi kama kawaida.